Kabla Bipana Hajashuka Shimoni

Khimkala alikuwa na woga tangu siku aliyojifungua. Alimwogopea binti yake Bipana mto, akamwogopea nyuki, akamwogopea uji wa moto na maji ya baridi, na mtoto alipoanza shule akaogopa basi, dereva wa basi, na daraja ambalo basi lilipita. Kijiji kizima cha Bhalutar kilimjua. Watu walipotaka kutaniana waliambiana, "Polepole na hilo panga, Khimkala asije akazimia." Kwa hiyo ilipofika siku yenye jambo la kuogopwa kweli, maneno yake yalikuwa yameshachakaa, hayana wa kuyapokea.

Bipana naye alikua bila woga wowote, kana kwamba mama yake aliumaliza wote asimbakishie hata tone. Alipomaliza shule alikaa nyumbani akisubiri chuo, na katika kusubiri huko akajiunga na vijana wa kujitolea waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuhimiza gesi ya samadi. Hawakulipwa kitu. Walipewa fulana ya kijani, na chai kila walipopita, na matusi kidogo.

Chanzo cha yote kilikuwa mlima. Kule juu Lapsidanda watu walikuwa wamekata kuni mpaka msitu ukabaki kama kichwa cha mfiwa siku ya kunyolewa, na mvua za mwaka ule zikashusha kipande kizima cha mlima juu ya mashamba ya mpunga ya Bhalutar. Hakufa mtu, ila mpunga wa nyumba nyingi ulizikwa ukiwa bado na maji miguuni. Vijana wakasema, kila nyumba ikipikia samadi, msitu utapumua. Khimkala aliwaelewa haraka kuliko wengi. Ni yeye aliyekuwa akibeba kuni tangu aolewe, kapu mgongoni na kamba ya kapu kipajini, na kipaji chake kilikuwa na mfereji wa ile kamba.

Shimo lao likawa la kwanza kijijini. Vijana walilichimba wenyewe nyuma ya zizi la nyati wao wa maziwa, wakalijengea kuba la saruji chini ya ardhi, kama chungu kikubwa kilichofunikwa. Upande mmoja unakoroga kinyesi cha nyati na maji kila asubuhi, unakimimina. Upande wa pili, penye mdomo uliofunikwa kwa mabamba ya zege, uji uliokwisha kazi unatoka kwenda shambani. Juu ya kuba kuna bomba jembamba la kupeleka gesi jikoni. Choo cha nyumba nacho kiliunganishwa humo humo, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, maana nyumbani kulikuwa na bibi.

Chandrakumari, mama mkwe wa Khimkala, alikuwa mjane wa kuvaa nyeupe, anayeoga kabla jua halijatoka na asiyegusa wali wa mpishi ambaye hajaoga. Mwanawe, mume wa Khimkala, alikuwa Qatar akijenga majumba ya watu. Nyumba ilibaki ya wanawake watatu, na mkubwa wao alikuwa yeye.

"Ya nyati sina neno nayo," alisema siku vijana walipokuja kupima ardhi. "Lakini ya watu? Nipikie hiyo?"

"Bibi, ikishaingia shimoni inageuka hewa tu," Bipana alimwambia.

"Hewa ya nini?"

"Hewa, Bibi. Haina ukoo."

"Kila kitu kina ukoo, mjukuu wangu. Hata hewa inategemea imetoka kwa nani."

Vijana walicheka, naye akacheka kidogo, na mwishoni akakubali. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka, na kikohozi chake kiliwaamsha hata majirani. Tena aliyemwomba ni Bipana, na kwa Bipana yule bibi hakuwa na ubavu. Moto wa buluu ukawaka jikoni. Karibu mwaka mzima ukapita bila moshi. Wageni walikuja kutoka vijiji vingine kuangalia, wanainama chini ya jiko kutafuta kuni zilipofichwa, na Bipana alisimama pembeni na fulana yake ya kijani kama mtu aliyeuzaa ule moto.

Kisha zikaja siku za mababu, zile za mwezi kufifia kabla ya sikukuu kubwa ya Dashain, kila nyumba inapowapikia wafu wake. Siku ya mume wa Chandrakumari ilipokaribia, bibi akaacha kulala vizuri. Anaonekana amekaa kibarazani, anatazama jiko kwa mbali, anatazama choo, anarudi kutazama jiko. Asubuhi moja Khimkala akiwa anapepeta mchele alimwona mama mkwe wake ametoka kuoga, nywele zinadondosha maji, ameshika chupa ya dawa ya choo, ile ya dukani yenye harufu ya kukata pumzi. Aliimimina yote chooni. Kisha akachukua mkojo wa ng'ombe wa kutakasia kwenye kikombe cha shaba, akanyunyiza mlangoni, akasema maneno yake ya ibada kwa sauti ya chini, akaenda zake kupika matonge ya wali ya marehemu.

Mkojo wa ng'ombe haukuwa na neno. Dawa ndiyo iliyokuwa na neno. Vijana walipokabidhi shimo walisema wazi mbele ya Khimkala: choo hiki kioshwe kwa maji matupu na brashi, maana gesi hutengenezwa na vijidudu visivyoonekana, na dawa ya kuua vijidudu haichagui. Bibi siku ile alikuwa kwenye maombi. Khimkala alisikia, na alikumbuka.

Lakini mkamwana wa Bhalutar hamwambii mama mkwe wake "usifanye". Akitaka mchele uanikwe husema, "Jua limetoka leo," na kungoja. Basi Khimkala alingoja mpaka bibi alipomaliza ibada, akasema kwa upole, macho yake yako kwenye ungo, "Mama, Bipana anasema mle shimoni wanaishi wadudu wa kutengeneza gesi."

"Nao wataoga," alisema bibi.

Kesho yake alimimina chupa nyingine. Akaendelea hivyo mpaka siku za mababu zilipokwisha. Khimkala akawa kila akisikia mlango wa choo unalia anashika kitu cha kufanya. Hakumwambia Bipana. Alijua Bipana angeenda moja kwa moja kwa bibi yake na maneno ya kikundi, na bibi angejua yametoka wapi.

Moto ukaanza kufifia. Kwanza chai ilichelewa kuchemka, kisha dengu zikakataa kuiva, kisha ukabaki ule moto wa kurukaruka unaozimika ukipita mbele yake na sketi pana. Na ilikuwa wakati mbaya kuliko wote. Wanawake wa Lapsidanda walikuwa wamekubali, baada ya vijana kupanda mlima na kushuka mara nyingi, kuja kuliona jiko lenyewe. Wakiridhika, wangeacha shoka na kuchimbiwa mashimo kabla ya kiangazi. Walikuwa waje kesho.

Tekendra, kiongozi wa vijana, aliitwa mapema asubuhi. Alikuwa kijana mnene, mcheshi, aliyewahi kwenda mafunzo mafupi mjini, na tangu arudi alizungumzia mashimo kama daktari anavyozungumzia matumbo. Alifungua koki, akaifunga, akagonga bomba kwa kidole.

"Utando," alisema. "Uji umeganda juu kama maziwa. Gesi iko chini inalia, haina pa kupita."

"Dawa yake?" Bipana aliuliza.

"Kuupasua."

Khimkala alikuwa mlangoni na kikombe cha chai cha mgeni mkononi. Alimtazama mama mkwe wake. Bibi alikuwa akitoboatoboa majani ya kushonea sahani za Dashain, wala hakuinua uso. Khimkala akampa Tekendra chai.

Walijaribu kwa mti mrefu wa mwanzi, haukufika. Wakaondoa mabamba ya zege upande wa kutokea, wakaanza kuchota uji kwa ndoo. Vijana wengine wawili walikuja kusaidia. Kutwa nzima walichota, mpaka bustani ya haradali ikawa ziwa na nyati wakawa wanatazama kwa mshangao mali yao ikirudishwa nje. Harufu mwanzoni iliwafukuza majirani wengi. Alasiri haikusikika tena. Chini ukaonekana upenyo wa kuingia kwenye kuba, mweusi, mwembamba kama mlango wa tanuri.

"Mtu ashuke na jembe fupi," alisema Tekendra. "Apige utando, atoke. Muda wa kunywa chai."

"Nani?"

"Mimi mabega hayapiti."

"Mabega au tumbo?" Bipana alisema. Tayari alikuwa anajifunga kamba kiunoni.

"Hakuna anayeshuka," alisema Khimkala.

"Mama, ulisema hivyo hivyo nilipopanda mti wa mpera."

"Ukaanguka."

"Nikasimama."

"Mama mdogo, tumemfunga kamba," alisema Tekendra. "Na hewa safi, sikia mwenyewe. Harufu imekwisha. Asubuhi ndiyo ilikuwa mbaya."

Hapa na isimame hadithi kidogo, kwa ajili ya mwenye shimo la gesi nyumbani na mwenye mtoto anayependa kusaidia watu. Harufu ikiisha haimaanishi hatari imeisha. Hewa ile huua pua kwanza, ndipo imuue mwenye pua. Wale vijana hawakuwa wajinga wala wabaya. Walikuwa wamekaa juu ya mdomo ule tangu asubuhi, wamechoka, wanawaza wageni wa kesho, na pua zao zilikuwa zimekufa.

Khimkala hakuyajua hayo. Alilolijua ni la kwao alikozaliwa, kule bondeni penye visima virefu. Wasafisha visima wa kule walikuwa na desturi ya kumteremsha kuku kabla ya mtu. Mmoja wao alimcheka kuku, akashuka bila kumtanguliza. Alitolewa kwa ndoano. Khimkala alikuwa mtoto, alisimama nyuma ya shangazi yake, akaona miguu tu.

"Ateremshwe kuku kwanza," alisema.

Vijana wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya ndoo.

"Kuku naye amejitolea?"

"Mpeni fulana ya kijani."

"Mama, usinitie aibu," Bipana alisema polepole. "Kesho watu wanakuja."

Nyumba yao haikufuga kuku, bibi alimwona kuku najisi, hakuruhusu hata akatize uani, kwa hiyo Khimkala alivuka ua na kwenda kwa jirani yao Phulmati, mwanamke wa kabila la Kimagar, wasiomwona kuku najisi, aliyekuwa ameegemea ukuta wake tangu asubuhi akifurahia sinema ya bure.

"Dada, niazime kuku."

"Wa kula?"

"Wa kushuka."

Phulmati alimwangalia, akaona uso wake, akaacha kutania. Aliingia kwenye banda, akatoka na tetea mwekundu. "Huyu anataga," alisema. "Mrudishe mzima."

Khimkala alipoingia uani na kuku kwapani, Chandrakumari aliinua uso kwa mara ya kwanza siku ile. "Mkamwana. Hicho kitu kinapita wapi?"

"Kinapita, Mama," alisema Khimkala, akapita. Hata yeye alishangaa.

Alimtia kuku kwenye kapu la kukatia majani ya nyati, akafunika kwa wavu, akafungua kamba kiunoni mwa Bipana kwa mikono yake mwenyewe. Bipana alimwacha, mikono juu kama mtoto anayevuliwa nguo, akiwatazama wenzake kwa jicho la kuomba radhi. Kapu likashuka. Kuku alipiga kelele ya malalamiko mpaka kwenye upenyo, kapu likapita, kelele ikaendelea ndani kwa mwangwi. Kisha ikanyamaza.

"Amelala," alisema yule wa kwenye ndoo. "Kuna giza, kuku gizani hulala."

Hakuna aliyecheka sana. Khimkala alivuta. Kapu lilipotokeza kwenye mwanga, tetea wa Phulmati alikuwa ameinamisha kichwa nje ya wavu, shingo imelegea kama kamba ya kiatu. Phulmati alimtoa, akamtikisa kidogo, akampulizia mdomoni, akamweka chini kwenye nyasi. Kuku hakufanya lolote.

Tekendra alijifuta uso kwa fulana na uji wa samadi ukamkaa usoni. Bipana alikuwa anaitazama ile kamba.

"Basi hewa bado," alisema Tekendra hatimaye, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Tuliache wazi mpaka asubuhi. Litapumua. Kesho mapema, kabla wageni hawajafika, tunashuka haraka, tunamaliza."

"Nitashuka mimi," Bipana alisema. "Asubuhi kutakuwa na upepo."

Khimkala alimsikia mwanawe akisema hivyo, na akaona kwamba kuku hakutosha. Wangelala, wangeamka, jua lingekuwa zuri, wageni wangekuwa njiani, na mtu mmoja angesema sasa hewa safi. Asingemzuia kwa kulia, alikuwa amelia miaka mingi mno. Kitu pekee cha kumzuia kilikuwa kumwondolea sababu ya kushuka. Nayo sababu aliijua yeye, na mwenye sababu alikuwa amekaa kibarazani anashona majani.

"Hakuna utando," alisema.

"Mama mdogo, mimi nimefundishwa—"

"Hakuna utando, Teke. Ni dawa. Chooni imemiminwa dawa ya choo, siku zote za mababu. Chupa nyingi. Wadudu wenu wamekufa. Hata ukishuka na jembe ukapiga mpaka Dashain ipite, hakuna kitu cha kupasua."

"Nani kamimina?" Bipana aliuliza. Kisha naye akageuka taratibu kuelekea kibarazani, na wote wakageuka, na Phulmati akageuka, huku kuku wake yuko kwenye nyasi.

Tangu Khimkala aletwe katika nyumba ile akiwa amefunikwa shela jekundu, hakuwahi kumfanya mama mkwe wake atazamwe namna hiyo na watu wa nje. Chandrakumari alichomeka kijiti chake kwenye jani, akalikamilisha, akaliweka juu ya mengine.

"Nimemimina mimi," alisema. "Nilikuwa nampikia mume wangu. Nyinyi mmemchukua mtu aliyekuwa anaoga mara mbili kwa siku, mkataka nimpikie kwa kinyesi cha Teke."

Kijana mmoja alikohoa.

"Bibi, choo hicho si changu mimi peke yangu," alisema Tekendra kwa unyonge.

"Umekunywa chai hapa mara ngapi? Usiniambie hujaingia."

Kisha bibi akamgeukia mkamwana wake, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Uliniona?"

"Nilikuona, Mama."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Ukakaa nayo. Ukangoja watu wajae uani, ndipo uniseme mbele ya kuku aliyekufa."

Maneno yale hayakuwa ya uongo. Bipana alisogea karibu na mama yake, na kwa muda Khimkala alidhani anakuja kumshika mkono, lakini Bipana alisema kwa sauti ya chini, "Nimebeba ndoo tangu asubuhi. Nilikuwa nimejifunga kamba. Nawe ulijua."

"Nilijua," alisema mama yake.

Tekendra alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye ukuta wa zizi. Alikuwa anajiambia mwenyewe kwa sauti, kama mtu anayehesabu mbuzi wake, kwamba dawa ya hilo ni kuchota tu, kutia kinyesi kipya na ndoo kadhaa za uji kutoka kwenye shimo lenye afya, na kungoja. Mtu hashuki. Hakukuwa na haja ya mtu kushuka hata kidogo. Alilirudia hilo mpaka mwenzake akamwambia anyamaze. Wakarudisha mabamba ya zege, na Khimkala akasimama hapo mpaka la mwisho lilipokaa mahali pake.

Kesho yake wanawake wa Lapsidanda walishuka wakiwa na makapu yao mgongoni, maana hakuna anayetembea njia ile bure. Jiko halikuwaka. Bipana aliwaambia kisa kizima mbele ya jiko bovu, bila kuficha dawa, wala kamba, wala kuku. Tekendra alijaribu kulifupisha la kuku, akakatizwa.

"Kuku alichukua muda gani?" mwanamke mmoja aliuliza, mrefu, mwenye ushanga wa kijani.

"Kidogo tu. Hata chai haijapoa."

"Na wewe ulitaka kushuka."

"Nilitaka."

Wakanong'onezana. Mmoja alisema heri moshi, moshi angalau unakuonyesha uliko. Mwingine akamuuliza Tekendra kama shimo linaweza kuchimbwa bila kuunganishwa na choo. Tekendra akaanza maneno marefu ya usafi na afya ya kijiji, kisha akaangalia kibarazani, akasema linaweza. Nusu yao wakasema watafikiri, nusu wakasema wanataka, lakini la nyati peke yake, na mfuniko wake uwe mzito ambao mtu mmoja hawezi kuuinua. Hayo ndiyo yaliyopatikana. Njiani kurudi walikata kuni kama kawaida, na mashoka yalisikika mpaka chini.

Dashain ilipita. Chandrakumari aliwapaka wote baraka ya mchele mwekundu kipajini, na Khimkala pia, kwa sababu hiyo ni haki ya kila mtu wa nyumba. Lakini chakula cha mkono wa Khimkala hakukigusa tena. Alijiwekea mafiga matatu pembeni mwa kibaraza, akawa anajipikia mwenyewe kwa kuni, akikohoa. Gesi iliporudi, baada ya majuma ya kukoroga kinyesi kipya, na moto wa buluu ukasimama tena imara kuliko zamani, alisema hiyo ni yao. Choo kilikuwa kimeshatengwa, kimechimbiwa shimo lake. Bado alisema ni yao. Na kwa kuwa bibi wa umri ule hawezi kuachwa apande msituni, aliyemletea matawi makavu alikuwa Bipana, mwenye fulana ya kijani, usiku akihubiri dhidi ya kuni na asubuhi akizibeba. Vijana wenzake walimtania sana.

"Ni matawi yaliyoanguka," alisema.

"Yameanguka yenyewe au umeyashawishi?"

Na Lapsidanda kazi ilianza majira ya baridi. Bipana alikwenda kukaa huko na wenzake, wanachimba mchana na kulala kwa yule mwanamke mwenye ushanga. Khimkala hakumzuia. Kila jioni, jua likiwa bado ukingoni, alimpigia simu, na swali lake lilikuwa moja.

"Mmefungua shimo lolote?"

"Hatujafungua, Mama. Tunachimba mapya tu. Mapya hayana gesi."

"Na la zamani likileta shida?"

"Tunaita fundi. Hashuki mtu."

"Sema tena."

"Hashuki mtu, Mama."

Chandrakumari naye saa ile huwa anawapa nyati majani, ingawa si kazi yake. Na mkamwana bado hajazungumza naye neno la moja kwa moja, wala yeye na mkamwana, zaidi ya yale ya lazima. Basi simu ikikatwa humuuliza nyati mkubwa, akimkuna kati ya pembe:

"Na yule mtoto? Wamefungua leo?"

Khimkala humjibu nyati.

"Hawajafungua."

"Wasifungue," bibi humwambia nyati, na kurudi kwenye mafiga yake kuupulizia moto.